Fundi, kompyuta imegoma kuwaka na kazi za watu zimo ndani

Wiki hizi barua nilizopata nyingi ni za umeme na kompyuta, nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu mwenyewe ana haraka, na najua wapo wengi Unguja na Pemba wenye kasha limekaa kimya chini ya meza sasa hivi.

Asalaam alaykum fundi. Mie nna steshenari yangu ndogo hapa Wete, natoa fotokopi, nachapa barua za watu, kadi za harusi na mitihani ya skuli mbili za jirani. Kompyuta yangu ya mezani niliinunua used mjini Unguja miaka mitatu nyuma na haijanisumbua hata siku moja. Juzi usiku umeme ulikatika ukarudi, ukakatika tena ukarudi, mie nshafunga duka niko nyumbani, kompyuta nliizima vizuri ila plagi nliiacha ukutani. Asubuhi naingia nabonyeza batani, kimya. Hakuna taa, hakuna feni, hakuna mlio. Monita inawaka lakini inaniandikia tu kuwa haipati signali. Akaja kijana mmoja fundi wa hapahapa, kaibonyeza mara mbili tatu kaniambia mazabodi imekufa na kila kilichomo kimepotea, ninunue nyingine au niipeleke Unguja kwa meli. Fundi, mitihani ya skuli imo humo na Jumatatu nnatakiwa niikabidhi, na kopi nyingine sina. Kweli imekufa?
Mwenye steshenari, Wete

Waalaykum salaam dada yangu. Naanza na lile linalokunyima usingizi. Mafaili hayakai kwenye mazabodi, ile bodi kubwa inayounganisha kila kitu, wala kwenye pawa saplai, lile sanduku linalogawa umeme ndani, yanakaa kwenye hadi diski, na hadi diski ni kifaa cha peke yake kimefungwa kwa skrubu ndani ya hiyo sipiyu, yaani kasha lenyewe, kinatoka. Mazabodi inaweza kufa leo na diski ikawa nzima kabisa, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Kwa hivyo huyo kijana aliposema kila kitu kimepotea kasema jambo ambalo hakulipima. Nakuomba sana usimruhusu mtu aipige fomati hiyo diski wala kukuwekea Windows upya ati ndiyo dawa, maana kompyuta isiyowaka haiponi kwa Windows, na hapo ndipo mitihani itakapopotea kweli.

Kama Jumatatu imekaribia sana basi usingoje matengenezo. Itoe diski, mpelekee mwenzio yeyote mwenye kompyuta ya mezani, ifungwe kwake kama diski ya pili, kopi mitihani kwenye flashi ukachape. Ukitaka kutumia waya wa USB wa kusomea diski angalia kitu kimoja, diski ya kompyuta ya mezani ile nene ya inchi 3.5 inataka volti 12 na USB haitoi volti 12, kwa hivyo waya wake lazima uwe na adapta ya kuchomeka ukutani, bila ya hiyo utaiweka haitosema kitu ukadhani na yenyewe imeungua kumbe haijapata umeme tu. Ya inchi 2.5, ile ya leptopu, ndiyo inayoridhika na USB peke yake.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, na niseme kwanza jambo moja la kweli. Nilipokuwa mchanga kwenye kazi hii mzee mmoja wa Mwanakwerekwe kaniletea kompyuta kimya kama yako, nikaibonyeza, nikamwambia mazabodi, akatafuta mazabodi nyingine kwa pesa yake, nikaifunga, ikawa vilevile. Kumbe batani ya mbele imevunjika kwa ndani, basi. Nilimrudishia pesa zake zote lakini uso wake siku ile sijausahau, na tangu hapo simwambii mtu mazabodi imekufa mpaka nimeshapima kila kinachoipelekea umeme. Nawe nataka uende hivohivo, uanzie ukutani uingie ndani pole pole.

Ukutani chomeka kitu kingine kwenye soketi ileile, chaja ya simu au taa ya meza, uone inawaka. Kama unatumia ekstensheni itoe kabisa, sipiyu iende moja kwa moja ukutani, maana ekstensheni nyingi zina swichi yake na nyingine zina fyuzi ndogo ambayo umeme ukicheza ndiyo ya kwanza kuondoka. Halafu waya. Tizama nyuma ya monita, nyingi zina waya uleule sawasawa na wa sipiyu. Monita yako inawaka, kwa hivyo waya wake ni mzima, uchomoe uuchomeke kwenye sipiyu. Jaribio hilo halikugharimu hata shilingi. Ikiwaka basi ulikufa waya, au fyuzi ya ndani ya plagi, kwani plagi zetu hizi za Kiingereza za pini tatu zina fyuzi ndani, ukiifungua utaiona, na kwa kompyuta fyuzi ya ampia 5 inatosha. Tafadhali usiizungushie karatasi ya fedha ya pakti ya sigara kama wafanyavyo wengine, fyuzi imewekwa ife ili nyumba isife.

Na hapa niseme kuhusu zile nyaya zinazokuja na kompyuta za used kutoka Ulaya, zenye pini mbili za mviringo. Watu wanachokoa tundu la juu la soketi kwa kijiti au kalamu ili matundu ya chini yafunguke wapate kuusukumia humo. Unaingia ndiyo, lakini haukai, unacheza, unatoa cheche, na waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, haujaungwa popote. Ndio maana watu wanagusa kasha wanahisi vidole vinatetemeka. Nimeona soketi zilizoyeyuka kwa ajili hiyo. Kama wako ni wa namna hiyo nunua waya wa pini tatu wenye fyuzi kabla ya kitu kingine chochote.

Nyuma ya sipiyu, pale unapoingia waya, nyingi zina swichi ndogo yenye alama ya I na O. Iwe kwenye I. Mtu akifagia au akisogeza meza anaigusa bila kujua, nami nimeshawahi kusafiri mpaka Makunduchi kwa ajili ya swichi hiyo. Za zamani zina na kitelezi chekundu kilichoandikwa 115 na 230, sisi umeme wetu ni volti 230, kiwe hapo na kisiguswe, ukikisogeza kwenye 115 ukawasha utasikia mripuko na hapo pawa saplai imekwenda.

Bado kimya? Basi kuna jambo ambalo kwa kisa chako ndilo ninaloliwekea matumaini zaidi. Chomoa waya wa umeme kabisa kwenye sipiyu, chomoa na monita na printa na flashi na kila kilichochomekwa nyuma, halafu bonyeza ile batani ya kuwashia uishikilie nusu dakika huku hakuna umeme. Iache kama dakika kumi. Kisha rudisha waya wa umeme peke yake, moja kwa moja ukutani, ubonyeze. Inaonekana kama mchezo lakini ina sababu yake. Ulipoizima kompyuta ile jioni haikuzimika yote, madhali plagi iko ukutani pawa saplai huwa macho, inatoa volti 5 muda wote kupitia waya wa zambarau ili mazabodi iweze kuisikia batani yako. Kwa hivyo umeme ulipokatika na kurudi mara mbili yenyewe ilikuwa inapigwa tu ingawa wewe umeizima. Pawa saplai nzuri zina ulinzi ndani, zikihisi umeme umepanda au kuna shoti zinajifunga, na zikishajifunga hazifunguki kwa kubonyeza batani, zinafunguka pale umeme unapoondoka kabisa na kilichobaki ndani kikamwagika. Nyingi zilizohesabiwa kuwa zimekufa zimerudi kwa hilo tu.

Kama haikurudi, fungua kasha, waya wa umeme ukiwa umechomolewa, na kabla ya kugusa kitu gusa chuma tupu cha kasha ili umeme wa mwilini mwako utoke. Kwanza nusa. Ndiyo, nusa, sehemu ya pawa saplai, harufu ya kuungua haijifichi. Halafu tizama kama kuna mgeni, kwetu huku mjusi kafiri anapenda sana joto la humo, na sisimizi, na mende. Mjusi akikatiza penye umeme anakufa yeye na anaua na kompyuta, nimewatoa wakavu kama majani ya mkarafuu.

Rudisha umeme utizame mazabodi, nyingi zina kitaa kidogo cha kijani au cha njano kinachowaka wakati wote ukiwa na umeme. Kikiwaka, ule umeme wa waya wa zambarau unafika, na hapo mie ningeitilia shaka batani kwanza. Kutoka kwenye batani ya mbele kuna waya mwembamba wa pini mbili unaokwenda kwenye kona ya chini ya mazabodi, pameandikwa PWR SW au PWR BTN. Uchomoe huo waya, halafu kwa ncha ya bisibisi ndogo gusanisha zile pini mbili kwa sekunde moja tu uachie. Ni kazi ileile inayofanywa na batani, na umeme wake ni mdogo hauna madhara, ila usiguse pini nyingine. Ikiwaka, kompyuta yako ni nzima na mwenye ugonjwa ni batani. Wapo watu wanachukua waya wa batani ya kurisitia wanauhamishia kwenye pini za kuwashia na wanafanya kazi miaka, hakuna ubaya wowote.

Kisipowaka kitaa, au kinawaka lakini bisibisi haikusaidia, inakuja zamu ya pawa saplai, na kwa kisa cha umeme kuchezacheza yeye ndiye mtuhumiwa namba moja, kwani ndiye anayesimama mlangoni. Hapa kuna jaribio la klipu ya karatasi. Chomoa umeme. Chomoa plagi ile pana ya pini 24 kwenye mazabodi, na ile ndogo ya pini 4 au 8 karibu na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, na za diski. Kwenye ile pana kuna waya mmoja tu wa kijani. Kunja klipu, upande mmoja uingie penye kijani, wa pili penye mweusi wowote. Acha mkono, ndipo uwashe umeme. Feni ya pawa saplai ikizunguka ina uhai, isipozunguka uiunganishe na feni ya kasha au DVD draivu ya zamani ujaribu tena maana baadhi yao hazitaki kuanza bila mzigo, na ikikataa bado, imekufa, umepata jibu na mazabodi yako haina hatia.

Lakini feni kuzunguka siyo cheti cha uzima, nalisisitiza hili. Nimeona pawa saplai inazungusha feni vizuri sana na volti zake zimeanguka. Tafuta mwenye multimita, kile kipimo cha volti, fundi wa redio yeyote hapo Wete anayo. Waya wa njano usome 12, usipungue 11.4 wala kupita 12.6. Mwekundu 5, kati ya 4.75 na 5.25. Wa rangi ya chungwa 3.3. Wa zambarau 5 wakati wote hata kabla ya klipu. Ikitoka nje ya hapo usiirudishe kwenye mazabodi.

Sasa angalizo, na hili ndilo mafundi wengi wanaloteleza. Kompyuta za used tunazoletewa nyingi ni zile za maofisini, Dell, HP na Lenovo, na hizi za karibuni hazina plagi ya pini 24. Mfano Dell OptiPlex za 3020 na 9020 zina plagi ya pini 8, zilizokuja baadae zikawekewa ya pini 6. Rangi na mpangilio si uleule, kwa hivyo usichomeke klipu kwa kukisia, na kama nyaya zote ni nyeusi pia usikisie. Peleka kwa mwenye pawa saplai ya aina hiyohiyo ajaribishe, ni dakika tano. Na ukija kununua lazima utafute ya modeli hiyohiyo, ya kawaida ya dukani haiingii.

Jengine, usiifungue pawa saplai yenyewe, wala usimwachie mtoto. Ndani mna kapasita kubwa inayobeba zaidi ya volti 300 na huweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa. Mwanafunzi wangu mmoja kaigusa ikamrusha mkono mpaka kaupiga ukutani, alhamdulillahi alipona, lakini mie sikulala.

Tuchukulie pawa saplai ni nzima. Hapo tunaitafuta shoti. Toa kila kitu ubakishe mazabodi, prosesa na feni yake, na RAM (kile kibao cha kumbukumbu ya muda) moja. Diski zote chomoa, kadi zote toa, na zile USB za mbele chomoa waya wake kwenye mazabodi, kwani kwa watu wa steshenari tundu la flashi linachomekwa mara mia kwa siku, vile vichuma vya ndani vinapinda vinagusana, pawa saplai inaona shoti inakataa kabisa kuwaka. Hata diski ikiungua kwenye bodi yake kwa umeme kupanda inaweza kupiga shoti ikaizuia mashine nzima. Ikiwaka baada ya kuvua, rudisha kimoja kimoja, kile ambacho ukikirudisha inazima ndicho. Akiwa mwenye kosa ni diski usiitupe wala usiendelee kuilazimisha, mara nyingi kilichoungua ni kidude kidogo cha ulinzi juu ya bodi yake na data iko salama ndani, ipeleke kwa mtu anayefanya kazi hiyo hasa.

Imevuliwa yote, pawa saplai imepimwa, pini zimegusanishwa na bado kimya, haya, hapo ndipo neno mazabodi linaruhusiwa kutoka mdomoni. Tizama zile kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama, vilivyo vizima juu ni bapa, vikivimba kama mkate wa mofa au kutoa uji wa hudhurungi vimekwisha. Fundi mwenye mkono mzuri wa kulehemu anavibadilisha, na mashine inarudi.

Kuhusu kuipeleka Unguja kwa meli, usipeleke kasha zima kama ulichohitaji ni pawa saplai. Ifungue, skrubu nne tu nyuma, piga picha nyaya zilivyokuwa kabla ya kuchomoa, utume hiyo peke yake. Diski usiitume, ibaki kwako.

Fundi, mie kompyuta inawaka, feni zinazunguka, taa ya mbele ipo, lakini skrini nyeusi. Nyumba yetu ipo Nungwi hatua chache tu na pwani, na ilianza baada ya kuwa haijawashwa masika yote. Nimeambiwa ni betri ile ya duara, nimenunua mpya nimeweka, hakuna kitu. Nifanyeje?
Kijana wa Nungwi

Mwanangu, yako ni nyingine kabisa na ya dada yetu wa Wete. Ya kwako umeme unafika ila haimalizi kuamka. Betri ile ya duara, CR2032 ya volti 3, kazi yake kubwa ni kushika saa na mipangilio, ikifa utaona tarehe inarudi miaka ya nyuma kila ukiwasha, mara chache sana ndiyo inayozuia picha, basi wamekununulisha kitu kisichokuwa na lazima.

Kwenu ni pwani, hewa ina chumvi, na masika yote imekaa baridi na unyevu. Kompyuta inayowashwa kila siku joto lake lenyewe linaikausha, iliyolala ndiyo inayoota kutu. Nenda kwenye RAM moja kwa moja. Chomoa umeme, vifungue vile vibanio viwili vya pembeni, itoe RAM, utizame meno yake ya dhahabu, yakiwa na ukungu au madoa, yasugue taratibu kwa raba ya penseli ya mtoto wa skuli, ile nyeupe laini, pande zote mbili, yang'ae. Pangusa unga wa raba kwa brashi kavu. Kwenye tundu lake pitisha brashi ya meno mpya yenye spiriti kidogo, iwe kavu kabisa kabla ya kurudisha. Irudishe kwa kuibana mpaka usikie ta! pande mbili. Zikiwa mbili jaribu moja moja, na kwenye matundu tafauti. Kwa nyumba za pwani, nyingi zinaamkia hapo.

Isipoamka angalia umechomeka waya wa monita wapi, kama sipiyu yako ina kadi ya picha basi waya uende kwenye kadi na sio kwenye mazabodi, watu wanapohamisha meza wanachanganya. Na sikiliza milio, kama ina kispika kidogo ndani ikilia mara kwa mara inakwambia jambo, hesabu milio uniandikie na aina ya mashine. Ikishapona iwashe japo saa moja kila baada ya siku mbili tatu hata kama huna kazi nayo, na usiifunike na mfuko wa nailoni, nailoni inafungia unyevu ndani, kitambaa cha pamba ndiyo kizuri.

Fundi, ninunue stabilaiza au UPS? Nna kompyuta moja na printa ya leza, nyumbani Chake Chake, na nna jenereta ndogo ya petroli.
Baba wa watoto watatu

Kaka yangu, nianze na jenereta kwa sababu hiyo ndiyo iliyoua vitu vingi. Wa Unguja wanakumbuka Mei na Juni 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika mji ukakaa giza, kila baraza ina jenereta inanguruma. Wakati ule nimepokea pawa saplai zilizoungua kwa magunia. Jenereta ndogo ukizima friji ghafla volti zinaruka, ukiwasha zinaanguka, na mafuta yakikaribia kwisha inakoroma inapanda na kushuka mpaka inazima. Kama lazima uitumie basi iwashe kwanza, iache itulie dakika mbili tatu, ndipo uchomeke kompyuta, na ichomoe kompyuta kabla ya kuizima jenereta. Usingoje mafuta yaishe.

Stabilaiza inasaidia pale umeme unaposhuka na kupanda, lakini ukikatika kompyuta inazima palepale. UPS ina betri ndani, inakupa dakika chache za kuseivu na kuzima vizuri, na kwa kompyuta moja ya kawaida na monita yake UPS ya VA 650 inatosha. Printa ya leza usiiweke kwenye UPS hata kidogo, ina kinu cha joto ndani kinachovuta umeme mwingi kwa ghafla, UPS itapiga kelele na kuzima au itaungua, printa iende ukutani. Kama pesa hairuhusu UPS mwezi huu, nunua kile kifaa cha kulindia friji, kinakata umeme ukiwa mbaya na ukirudi kinangoja kidogo kabla ya kuuruhusu, na muda huo wa kungoja ndio unaookoa mashine maana dakika za mwanzo umeme unaporudi mafriji ya mtaa mzima yanaamka pamoja.

Na UPS ukishainunua andika tarehe kwa kalamu ya wino chini yake. Betri yake inachoka, wengi wanaibadilisha baada ya miaka mitatu hivi, na ikichoka kuna UPS ambazo hazikubali tena kuwaka, kompyuta iliyo nyuma yake inakuwa kimya kabisa, na mtu anakuja kukwambia mazabodi. Ikikutokea, ichomoe kompyuta kwenye UPS uichomeke ukutani kabla hujamwita fundi yeyote, hata mie.